Pia Isiyozunguka

Jumatano, Novemba 20

Daktari Maryam kaniagiza niandike. Kila siku, hata mistari miwili, kwa peni, kwenye karatasi isiyochorwa mistari, mpaka mvua zitakapokatika. "Sitasoma habari zako, mwalimu," kasema. "Nitapima herufi tu." Kwa hiyo mimi ni mtu anayeandika shajara ili ikapimwe kwa rula.

Nilimfundisha fizikia huyu binti. Alikuwa anakaa dirishani akitazama nje, na leo kanipa shikamoo kwanza, ndipo akaushika mkono wangu na kuukunja na kuukunjua kama anajaribu bawaba ya mlango. Akasema ni Pakinsoni. Nikasema hapana, ni baridi ya hapa kwetu Kinampanda.

"Baridi ya mkono mmoja tu, mwalimu?"

Mkono wenyewe ni wa kulia. Nikiupumzisha ndipo unaanza: kidole gumba na cha shahada vinasuguana kana kwamba napukuchua punje za mahindi. Maryam anasema dawa zipo, zinapunguza, haziponyi. Anasema pia herufi zangu zitapungua ukubwa bila mwenyewe kujua. Leo nimepima: a ndogo ina milimita tano.

Scola, mke wangu, anajua. Kudra jirani yetu anajua, kwa sababu Kudra hujua kila kitu. Asiyejua ni Emiliana, na hatajua.

Emi ni mtoto wetu wa pekee. Yuko Korea, mwaka wa mwisho wa udaktari, ule wa vitabu, si wa sindano. Mashine anayofanyia kazi ni yake mpaka mwisho wa Aprili, kisha inakwenda kwa mwenzake na ufadhili unakwisha. Namjua mwanangu. Mama yangu alipougua, Emi aliacha mitihani Dar es Salaam akapanda basi, akakaa kando ya kitanda cha bibi yake wiki sita. Bibi alifariki vilevile, na mwaka mzima wa masomo ukapotea. Sitaki huu mkono umlie mwaka mwingine.

Jumamosi, Novemba 23

Hakuna mvua. Mbuzi wa Kudra wameingia shambani tena. Uzio mzima, hauna tundu. Nimeuzunguka mara mbili.

Jumapili, Desemba 1

Emi kapiga baada ya ibada. Nimebuni utaratibu: simu naiegemeza kwenye chupa ya chai, mkono wa kulia naukalia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umekula?"

"Nimekula. Baba, mbona umekaa kama unapigwa picha ya pasipoti?"

"Heshima ya uzee."

Nikamwomba anieleze tena kazi yake, maana akieleza yeye, mimi siulizwi maswali. Ninaielewa kazi hiyo kama mtu anayesikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Wana sindano ambayo ncha yake inaishia kwenye atomi moja. Wanaishusha juu ya atomi nyingine, iliyolala peke yake kwenye bamba lenye baridi isiyopatikana popote duniani. Haigusi. Panabaki pengo dogo. Na elektroni, ambazo kwa sheria nilizofundisha miaka ishirini na sita zisingeweza kuvuka hapo, zinavuka. Hazirukii juu, wala hazitoboi. Zilikuwa huku, sasa ziko kule.

"Kama mbuzi wa Kudra," nikasema.

Alicheka mpaka picha ikakwama.

Atomi hiyo ina sumaku yake ndogo, inayoelekea juu au chini. Mimi darasani tabia hiyo naiita pia, kwa ile pia ya mbao ambayo watoto huizungusha kwa kamba.

"Ila baba, haizunguki."

"Haizunguki?"

"Hakuna kinachozunguka. Ina tabia za kitu kinachozunguka, basi."

"Kwa hiyo nimewadanganya watoto wa watu miaka ishirini na sita."

"Umewadanganya vizuri. Mimi nilielewa."

Anachotaka ni kuigeuza kwa elektroni hizo, ielekee anakotaka, na ikae. Kugeuza anaweza. Kazi ni kujua kama imekaa, maana ukiiuliza yenyewe, swali linaweza kuigeuza. Kwa hiyo anaweka atomi ya chuma pembeni, anaiuliza hiyo. "Jirani anahisi, baba. Mwenye jambo humgusi."

Na chochote kikitikisika, lori likipita barabarani, mtu akitembea ukumbini, kazi ya siku imeharibika. "Watu wa ghorofa ya juu tumewaomba wavue viatu."

Nikaukalia mkono vizuri zaidi.

Jumatatu, Desemba 9

Mvua ya kwanza, nzito. Tumepanda mahindi, alizeti itasubiri Januari. Scola alitia mbegu, mimi nilifukia kwa mguu. Miguu bado inanitii.

Jumapili, Desemba 15

Mimi ni mzee wa kanisa, na kazi yangu ni kupitisha sahani ya sadaka upande wa wanaume. Leo sarafu zimeanza kulia kuanzia benchi la tatu. Nikiukaza mkono, zinalia zaidi. Kwaya nzima iligeuka. Mchungaji alikuwa katikati ya sala, akapandisha sauti ili Mungu asichanganyikiwe. Mwalimu Moses, mkuu wangu wa shule, alilaza noti yake taratibu kama analaza mtoto, akanitazama, kisha akavuta pumzi ndefu kwa pua. Nikajua anatafuta harufu gani.

Njiani Scola kasema, "Si useme tu unaumwa, Baba Emi?"

"Nikisema, kesho yake kuna mtu atampigia Emi kumpa pole."

Hakubisha. Huku kwetu pole hufika kabla ya habari.

Jumatano, Desemba 25

Krismasi. Wali, kuku, mvua.

Emi kapiga, kaniomba kitu. Huko kwao anayemaliza huachiwa mashine siku chache aandike neno kwa atomi, akizisukuma moja moja kwa ile sindano. Mwenzake mmoja aliandika jina la mbwa wake. Emi anataka kuandika "pia".

"Kwa mwandiko wako, baba. Ule wa ubaoni. Ile p yenye mkia uliojikunja. Andika kwenye karatasi, mama apige picha, mnitumie. Haraka hakuna, mpaka Aprili."

Nikasema sawa, mama, nikaingia chumbani. Nimeliandika mara sita. Mkia wa p umekuwa kama njia ya siafu, na i imeinama kama imeangusha kitu inakitafuta. Zamani wakaguzi walikuwa wakiingia darasani kwangu kuutazama ubao tu. Karatasi nimeichoma jikoni. Milimita nne.

Jumanne, Januari 14

Shule imefunguliwa. Kidato cha Sita, kipindi cha pili. Nilianza mstari kwa herufi kubwa kama ngumi. Nilipofika mwisho wa ubao zilikuwa sisimizi.

"Mwalimu, hatuoni."

"Sogeeni."

Wakasogea.

"Bado, mwalimu."

Kufikia katikati ya kipindi wanafunzi arobaini na mmoja walikuwa wamesimama wamebananisha pua ubaoni kama siku ya matokeo. Mwalimu Selina wa hisabati alikuwa anapita, akaingia kuazima dasta. Alitazama ubao, akatazama mkono. Akachukua chaki kwenye vidole vyangu.

"Wewe sema, mwalimu, mimi niandike. Nataka kujikumbusha fizikia."

Hakuhitaji kujikumbusha chochote. Na dasta aliisahau.

Ijumaa, Januari 17

Mbuzi.

Jumatatu, Januari 20

Moses kaniita ofisini. Kafunga mlango, kisha kafungua dirisha, nadhani kwa ajili ya hewa.

"Mwalimu Gaspari, sisi ni watu wazima."

"Wewe zaidi, mkuu." Nimemzidi miaka miwili.

"Watu wanasema."

"Wanasemaje?"

Akapanga kalamu zake mezani, akazipangua. "Mtu akiamka asubuhi hajapata kidogo, mkono hufanya vile. Mjomba wangu alikuwa hivyo. Tulimpenda, lakini alikuwa hivyo."

Nikamweleza yote, na jina la ugonjwa nikamtajia. Masikini, akawa mwekundu hadi masikioni, kwa kadiri mtu wa rangi yetu anavyoweza.

"Pole sana, mwalimu. Nilikuwa nimeshamwambia mchungaji."

"Basi usimwambie kingine."

"Kwa hiyo niwaache waendelee kusema ni pombe?"

"Mpaka mwisho wa Aprili."

Sijui kama wilaya nzima ya Iramba kuna mtu mwingine aliyewahi kumwomba bosi wake asiikanushe habari kwamba yeye ni mlevi. Na kusema kweli ningetamani iwe pombe. Pombe mtu anaweza kuiacha.

Jumapili, Februari 2

Mtandao ulikataa nyumbani, ikabidi niende kusimama karibu na tanki la maji, simu mkononi, mkono wa kushoto ukiusaidia wa kulia. Mikono imeanza kuambukizana.

"Baba, mbona picha inarukaruka?"

Nikajibu bila hata kufikiri. "Mashine ya Kudra, mama. Anakamua alizeti, ukuta wote unatikisika hapa."

Akasogeza uso karibu na kamera. "Aa," akasema. "Haya. Msalimie."

Nimejipongeza njia nzima. Sikujua kama nina kipaji hiki.

Jumatano, Februari 5

Mahindi yamefika magotini. Milimita tatu.

Jumamosi, Februari 8

Emi kaandika ujumbe: atomi yake imegeuka yenyewe, mara tatu, kazi ya wiki tatu imekwenda na maji. Nimeandika, nikafuta, nikaandika. Mwisho nimemtumia "Pole mama." Sina kingine ninachoweza kumtumia.

Jumatano, Februari 12

Kudra kaja saa kumi na moja jioni na sega la asali kwenye bakuli. Kudra hatoi asali bila sababu. Kakaa. Kayasifia mahindi yangu, ambayo robo yake iko matumboni mwa mbuzi wake.

"Mwalimu, mimi mtoto wa mtu akiniuliza, niseme uongo?"

"Nani kakuuliza?"

"Emi. Kapiga juzi. Kaniamkia vizuri, kamuulizia mke wangu Mama Shamte, kawaulizia watoto mmoja mmoja, mpaka mbuzi kawaulizia. Mimi nikasema huyu kalelewa. Kisha kasema, 'Baba mdogo, na mashine inaendeleaje?' Nikamwambia mashine imelala toka Septemba, popo wameshahamia humo. Kasema, 'Kwa hiyo Februari hii hamkamui?' Nikamwambia, mwanangu, umesahau kwenu? Alizeti ndiyo kwanza inatoa majani. Nikamue nini, majani?"

Nikaweka bakuli chini kabla halijaanguka lenyewe.

"Kisha?"

"Kisha kasema, 'Basi ni mkono wake.' Hakuuliza, mwalimu! Kasema tu. Mimi nikanyamaza."

"Ulinyamaza?"

"Nilinyamaza sana."

Kunyamaza kwa Kudra kunasikika kama honi.

Nimelima alizeti tangu utotoni. Emi mwenyewe alikulia juu ya magunia yake, akivuna nasi mwezi wa tano, akipanga foleni kwenye mashine ile ile ya Kudra mwezi wa sita na wa saba. Na mimi, baba yake, nimemwambia inakamua mwezi wa pili. Mgeni aliyeshuka kwenye basi jana asingekosea hivyo. Na hata njia aliyotumia kunikamata alinieleza mwenyewe tangu Desemba. Mwenye jambo humgusi, unamuuliza jirani.

"Umekasirika?" Kudra kauliza.

"Hapana. Wewe ulikuwa chuma tu."

Hakuelewa, lakini kaondoka anatembea kama mtu aliyesifiwa.

Jumapili, Februari 16

Emi hakunipa shikamoo. Hilo peke yake lilitosha.

"Toa mkono, baba."

"Upi?"

"Baba."

Nikauchomoa nilikokuwa nimeukalia, nikauweka mbele ya simu. Akautazama dakika nzima, kwa utulivu ule anaotazamia vitu vyake huko. Na mkono, ulipoona unatazamwa, ukazidi.

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka jana."

"Mama anajua?"

Scola nyuma yangu kajibu, "Najua."

"Mama anajua. Baba mdogo Kudra anajua. Na shuleni je?"

"Moses na Selina."

"Kwa hiyo mgeni ni mimi."

"Wewe una kazi, mama. Mashine yako mpaka Aprili. Tulisema ukimaliza…"

"Mlisema. Mlikaa mkasema."

"Ulipokuja kwa bibi yako ulipoteza mwaka mzima."

Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika, ikawa ndogo. "Bibi alinishika mkono akasema asante kwa kuja. Mimi ule mwaka sikuupoteza, baba. Ninyi ndio mnaosema niliupoteza. Kila mgeni akija, unamsimulia. Nakusikia miaka kumi unamsimulia kila mtu ule mwaka."

Ni kweli. Nimekuwa nikiusimulia kama gari lililotumbukia mtoni. Hata siku moja sikumuuliza mwenye gari.

Ningeweza kusema hilo. Badala yake nilisema, "Usije."

"Sikukuuliza," akasema, akakata.

Scola alichukua chupa ya chai pale mbele yangu akaenda kuiosha, na ilikuwa imeshaoshwa.

Alhamisi, Februari 20

Emi kamwandikia mama yake: "Naangalia tiketi." Mama yake kajibu: "Fanya unavyoona, mwanangu." Mimi sikuwemo.

Jumapili, Februari 23

Hakupiga. Mvua kutwa.

Jumamosi, Machi 1

Hatujui kama anakuja au haji. Kumuuliza tunaogopa, tusije tukamsukuma upande mmoja. Nimemwambia Scola kwamba kwa sasa Emi anakuja na haji, yote mawili, mpaka aulizwe. Kaniambia niende nikafukuze mbuzi.

Jumatano, Machi 5

Basi la kutoka mjini limepita saa tisa na nusu. Sikuwa nalisubiri. Nilikuwa nimesimama barabarani tu.

Alhamisi, Machi 6

Limepita.

Ijumaa, Machi 7

Lilichelewa, kisha likapita. Kashuka mama mmoja na kuku wawili. Nilimwambia mwanangu usije, kwa mdomo wangu, na huu ni mchana wa tatu nasimama juani kumtazamia. Konda kaniuliza kama nasafiri. Nimemwambia naangalia tairi.

Jumapili, Machi 9

"Shikamoo baba."

Nikavuta kiti. "Marahaba, mama."

Alikuwa bado yuko huko. Niliona nyuma yake ukuta mweupe na yale mabomba.

"Nilikata tiketi ya tarehe tatu," kasema. "Begi nililifunga. Nikakaa juu yake. Nikajiuliza, nikifika nitafanya nini? Nitakushika mkono, utatetemeka ndani ya mkono wangu. Bibi nilimgeuza, nilimwosha, nilimlisha. Wewe unakula mwenyewe, unatembea, unadanganya watu. Nitakushikia nini?"

"Hakuna."

"Hakuna. Basi nikarudi maabara na hasira zangu." Akajifuta uso kwa mkono wa sweta. "Imekaa, baba."

"Nini imekaa?"

"Pia. Niliigeuza ikaelekea chini, nikawa namuuliza jirani kila baada ya dakika kumi. Kwa muda wa saa tisa nzima. Chini, chini, chini. Haikugeuka. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nikaenda chooni nikalia, na sijui nilikuwa nalilia kipi. Sijui kama nimefanya vizuri kutokuja."

"Umefanya vizuri."

"Unasema kweli au ni alizeti?"

Kabla sijajibu, Scola kapitisha kichwa juu ya bega langu. "Baba yako alikuwa anakwenda kupokea basi. Siku tatu."

Mkono ulikuwa juu ya meza, waziwazi, ukipukuchua mahindi yake. Sote watatu tukawa tunautazama, maana hapakuwa na kitu kingine cha kufanya.

Jumatatu, Machi 10

Nimemruhusu Moses aseme ukweli. Naona watu wamesikitika kidogo. Mzee wa kanisa mlevi ilikuwa habari tamu zaidi.

Alhamisi, Machi 27

Vidonge vimeongezwa. Asubuhi vinanisaidia, mchana vinanisahau. Selina sasa anaandika vipindi vyangu vyote, mimi nasema. Leo nilisahau nikanyoosha mkono kuchukua chaki, naye akasahau akanipa. Tukasimama hivyo. Kisha nikamrudishia. Milimita mbili.

Jumapili, Aprili 6

"Baba, neno langu liko wapi?"

"Neno gani?"

"Pia. Uliahidi Krismasi."

"Selina ana mwandiko mzuri sana, mama. Nitamwomba."

"Sitaki wa Selina. Andika wewe, leo, kama mkono unavyotaka. Nitaweka kila kona uliyokata."

"Itakuwa aibu, Emi. Watu wa Korea waone mwandiko wa namna hiyo?"

"Watu wa Korea hawajui Kiswahili. Andika."

Scola akafuta meza. Nikachukua peni. Nilikaa nikiusubiri mkono utulie, haukutulia, nikaanza hivyohivyo. Mguu wa p ulipinda mara tatu kabla ya kufika chini. Mkia nilitaka kuukunja kama zamani, ulikwenda ulikotaka. Nukta ya i iliangukia juu ya a, ikabidi tuiache huko huko. Herufi tatu, na shati lilikuwa limeloa mgongoni. Scola kapiga picha, kaituma, kisha kaikunja karatasi akaitia ndani ya Biblia yake. Sikumuuliza kwa nini.

Jumapili, Aprili 20

Pasaka. Moses kanisubiri mlangoni mwa kanisa, sahani ya sadaka mkononi. Ndani kaitandikia kitambaa cha kufuma, cheupe, kinene, cha mkewe.

"Jaribu," kasema.

Nimepita benchi zote. Mkono ulitikisika vilevile, lakini sarafu hazikulia. Mchungaji aliomba kwa sauti ya kawaida.

Jumanne, Aprili 29

Picha imefika.

Nilidhani itakuwa kitu cha kung'aa. Ni kama uwanja mkavu baada ya mvua ya kwanza, wenye vidonge vya duara, thelathini na kimoja, kila kimoja atomi moja. Vidonge hivyo ni p, na i, na a. Kila kona ipo. Mguu wa p umepinda mara tatu. Nukta ya i imekaa juu ya a. Ni mkono wangu, hakuna wa kubisha, hata Kudra, aliyekuja na shida ya chumvi, kasema, "Huu mwandiko wa mwalimu, sema umekuwa na ndui."

Emi kapiga. "Umeona?"

"Nimeona. Mbona zinacheza?"

"Zinacheza? Baba, hizo hazisogei hata kidogo. Kwenye baridi hiyo hakuna kinachosogea."

Scola akaichukua simu mkononi mwangu, akaiegemeza kwenye chupa ya chai. Zikasimama. Kumbe aliyekuwa anacheza ni mimi.

Nilizitazama sana. Kutetemeka kwangu kote kule, Aprili 6, kona kwa kona, na kumetulia.

"Neno zima lina nanometa kumi na mbili," Emi kasema.

Nimetafuta kwenye rula yangu, haipo. Nimepima na zangu za leo: milimita moja na nusu. Miezi hii yote nilidhani nashindana na ugonjwa kwenye herufi ndogo, kumbe nashindana na binti yangu, na kanishinda vibaya.

"Zitakaa mpaka lini?"

"Mpaka Ijumaa, baba. Ijumaa mashine inapashwa joto kwa ajili ya mwenzangu. Zitatawanyika."

"Huwezi kuwaomba wasubiri?"

"Nimewaomba."

Ijumaa, Mei 2

Mvua zimekatika. Alizeti imeinamisha vichwa. Jumatatu napeleka daftari kwa Maryam.

Emi alisema kwao itakuwa saa tisa alasiri, yaani kwetu saa tatu asubuhi. Shuleni nimeomba ruhusa ya vipindi viwili. Moses hakuniuliza sababu. Tumekaa mkekani mimi na Scola, simu mbele yetu, picha ile ile. Picha haiwezi kubadilika, najua, mimi ni mwalimu wa fizikia. Tumekaa tu tukiitazama.

Saa tatu na dakika kumi Kudra kasimama mlangoni, anawatafuta mbuzi wake. Katuona tulivyokaa.

"Kuna msiba?"

"Hapana," nikasema. "Ni yale maandishi ya Emi. Sasa hivi yanatawanyika."

Kafikiri kidogo. "Poleni," kasema. Kisha akavua viatu mlangoni, akaingia taratibu asitikise kitu, akakaa nasi.